Namba Saba Aangalie Nyumbani

Baba mkubwa Melkizedeki alikuwa mtu wa maneno machache, na neno lililomponza lilikuwa moja tu. Nalisema mapema ili usije ukadhani nasimulia habari za mropokaji. Kule kwetu Irindi, kitongoji cha juu milimani ambako ukisimama ukingoni unakiona kijiji cha Kisiwani chini kabisa na vumbi lake, watu walimjua kwa kazi mbili. Alikuwa mgawaji wa maji ya ndiva, lile bwawa la mawe linalokusanya maji ya mfereji kabla hayajateremshwa mashambani kwa zamu. Na alikuwa mpiga kengele wa kanisa la Kilutheri. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichobebwa mabegani kutoka Lembeni kabla mimi sijazaliwa, na aliyekibeba sehemu kubwa ya njia alikuwa yeye.

Mimi ni Ernesta, binti wa mdogo wake. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na huyu ndiye aliyenilea na kunisomesha mpaka nikawa mwalimu, nikarudi kufundisha shule ya msingi ya hapohapo kijijini. Kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Mengine niliyafanya mimi, na nitayasema yakifika.

Alikuwa na kazi ya tatu ambayo haikutajwa. Zamani, kabla ya wamisionari kupanda mlima, ukoo wetu haukumwacha mzee kaburini moja kwa moja. Mwaka mmoja au miwili ikipita, kaburi lilifunguliwa, kichwa kikatolewa, kikaoshwa, kikawekwa ndani ya chungu kilicholazwa ubavu chini ya mwamba katika msitu wa ukoo. Mdomo wa chungu ulielekezwa kwenye boma la marehemu, ili aone moshi wa jikoni kwake na ajue watu wake wamepika. Mvua ikikataa, wazee walikwenda kuwasalimu kwa majina, mmoja mmoja, na kumwaga dengelua kidogo, ile pombe ya miwa. Wanawake hatukukanyaga huko. Kisha kanisa likaja, likasema basi, na watu wakaacha. Yaani walisema wameacha.

Wa mwisho kuwekwa pale alikuwa babu yangu Kajiru, na aliyemweka ni Baba mkubwa mwenyewe, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekwisha batizwa. Kajiru alikufa kwa homa, kitandani. Siku zake za mwisho alimshika mwanawe mkono akamwomba jambo moja: asimwelekeze ukutani. Aliogopa kwamba Wakristo watamfukia na kumsahau, au watamweka kwa haraka haraka bila kujali anatazama wapi. Melkizedeki aliahidi. Alimwosha kwa mikono yake, akamweka, akamwelekeza nyumbani. Tangu hapo, kila wiki kwa miaka arobaini, alipitia msituni akijifanya anakagua mfereji. Mchungaji alijua, nadhani, na alijitia hamnazo kwa sababu hakuna aliyepiga kengele kwa wakati kama yeye.

Mambo yangeendelea hivyo. Lakini mwaka wa sabini na nne, wapima misitu walipita chini ya ule mwamba wakaviona vyungu, na habari zikateremka mpaka Same.

Ndipo wakaja watu watatu kwa Landrova, wakijiita Kamati ya Kumbukumbu. Kiongozi wao alikuwa ndugu Hezroni, kijana mwenye suti ya kitenge na sauti ya upole. Kuna watu wangependa nimseme vibaya, nami ningependa pia, maana ningepata nafuu. Siwezi. Alikuwa kijana mwema aliyetumwa kutafuta mahali ambapo Wapare walipigania uhuru wao, na alitamani kwa moyo wote apapate.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Anaeli, aliita mkutano pale ofisini. Wazee walipoulizwa walipigana wapi, mmoja akasema kwamba mwaka wa arobaini na tano, kwa ajili ya ile kodi ya mbiru, watu walishuka kwa maelfu wakakaa chini pale Same mbele ya ofisi ya bwana mkubwa wa wilaya, wiki baada ya wiki, mpaka serikali ya kikoloni ikachanganyikiwa. Baba mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikaa kwenye jua lile mpaka ngozi ya kisogo ikabambuka, na alikuwa na kovu la kuonyesha. Hezroni aliandika mstari mmoja, kwa adabu. Kukaa chini hakukumtosha. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, nikamwona akifunua ukurasa mpya, akauliza kuhusu vichwa.

Hapo midomo ikafungwa. Unahitaji kuelewa nani walikuwa wamekaa kwenye yale mabenchi. Wote walikuwa wamebatizwa. Mchungaji Asheri alikuwa ameketi mbele, kofia magotini, na kila mtu aliifahamu sheria: anayekwenda kwenye vyungu hutengwa na meza ya Bwana. Kusema hawa ni babu zetu, tuliwaweka sisi, na yupo anayewasalimu mpaka leo, ilikuwa ni kumtaja Melkizedeki mbele ya mchungaji wake. Hakuna aliyetaka kumtaja. Walimpenda, na ukimya ule ulikuwa wa kumkinga.

Hezroni akasubiri, kisha akamgeukia yeye mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa karibu. "Mzee wangu, vichwa vingi namna hii mahali pamoja. Je, hawa waliuawa na Wajerumani?"

Baba mkubwa alimtazama mchungaji, akatazama miguu yake. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

"Inawezekana," alisema.

Hezroni aliweka kalamu chini, akasimama, akaomba wote tusimame dakika moja kuwakumbuka mashujaa. Tulisimama. Mchungaji Asheri naye alisimama.

Katika miezi sita, msitu wa ukoo ulifyekwa ukawa kama uwanja wa mpira. Mawe yakapakwa chokaa, uzio ukajengwa, na kibao kikaandikwa kwamba hapa wamelala mashujaa wa vita vya ukombozi. Vyungu vilitupwa korongoni, kwa kuwa mtaalamu mmoja alisema ni vya kupikia. Vichwa kumi na kimoja vilipangwa juu ya ubao wa saruji, vikapewa namba kwa rangi nyekundu, na vyote vikaelekezwa upande mmoja, kwenye njia, vitazamane na wageni. Nyumbani kwetu kukabaki nyuma ya visogo vyao.

Mlinzi na mwelekezaji wa wageni akateuliwa nani? Melkizedeki, kwa kuwa ndiye aliyeijua historia. Alipewa karatasi ya kukariri na shati la kaki. Nilimuuliza kwa nini amekubali. Akasema kama asingekubali yeye, wangeweka mtu mwingine, na huyo mwingine asingekaa nao.

Basi wageni wakawa wanakuja, shule kwa shule, vijana wa chama, akina mama wa vikundi, hata wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walioletwa kwa malori siku za sikukuu. Yeye akasimama na fimbo yake akisema yaliyoandikwa. Wakiondoka, aliingia ndani ya uzio, akamshika namba saba kwa mikono miwili na kumgeuza kidogo kidogo mpaka auangalie upande wa nyumbani. Namba saba alikuwa na bonde juu ya jicho la kushoto, kama mahali palipobonyezwa kwa kidole gumba. Bibi alinisimulia nikiwa mdogo: Kajiru aliangukiwa na jiwe walipokuwa wakijenga ndiva, na akapona, na alipenda kuwatisha watoto kwa lile bonde. Kila Jumatatu mkaguzi wa kamati akikuta kichwa kimegeuka, alikirudisha. Kila Jumatatu jioni Baba mkubwa alikigeuza. Ilikuwa kazi ya kitoto, na alikuwa mtu wa miaka sitini na mitano.

Nililipeleka darasa langu la sita mwezi wa tano. Ilikuwa amri, lakini nami nilikuwa na hamu yangu, kwa kuwa nilikuwa mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu kufika pale. Nilidhani nitaona aibu au hofu. Niliona jua tu, na saruji, na Baba mkubwa ndani ya kaki iliyompwaya mabegani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaanza. Alisema vizuri. Alipofika kwa namba saba, msichana mmoja anaitwa Rahabu, mwenye maswali kupita umri wake, alinyoosha kidole.

"Babu, huyu aliitwa nani?"

Fimbo ilisita hewani. Mimi nilikuwa nalijua jina, nililibeba kwenye cheti changu cha ualimu, nikafunga mdomo kwa sababu mratibu wa elimu alikuwa amesimama ubavuni kwangu.

"Jina halijulikani," alisema.

Watoto wakaandika. Nilirudi nao shuleni nikiwa nimejaa hasira, nisijue nimkasirikie nani.

Kisha wakaja vijana wa kutoka kusini mwa Afrika, wapigania uhuru waliokuwa wanapitishwa nchini. Mmoja wao, mrefu, mwenye mkono mmoja mkavu, alisimama mbele ya namba saba akapiga saluti na kulia bila kujificha. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alimwambia Baba mkubwa kwamba kaka zake wawili wamebaki msituni bila kaburi, na kwamba amefarijika kuona kuna watu wanaotunza wafu wao hivi. Baba mkubwa alimshika yule kijana begani. Nyumbani aliniambia kwamba alitaka kusema ukweli siku ile, maneno yalikuwa yamekwisha fika ulimini, na akamtazama yule mtoto wa watu akaona kwamba akimnyang'anya hiki, hana kingine cha kumpa.

Nafikiri angeendelea hivyo mpaka kufa, akidanganya mchana na kugeuza kichwa jioni. Lakini barua ikaja kwamba vichwa vitatu vitapelekwa kwenye maonyesho makubwa mkoani, na baadaye vihifadhiwe huko daima. Namba saba alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Lile bonde juu ya jicho, barua ilieleza, ni alama ya risasi, na ndilo ushahidi bora kuliko yote.

Baba mkubwa alinikabidhi barua niisome mara mbili. Kisha akakata shauri. Tulishuka kwa miguu hadi Kisiwani, tukapata lori la mahindi, tukafika Same saa nne, joto limekwisha kukaa juu ya mabati. Alivaa koti la Jumapili. Tulipopita mbele ya zile ofisi za zamani alisimama, akanionyesha mahali alipokaa siku za mbiru, pale pale penye mchongoma. Hapakuwa na kibao. Wala hakuonekana kukitarajia.

Hezroni alitupokea kwa heshima, akaagiza chai. Baba mkubwa hakuigusa.

"Mwanangu, nilikukosea," alisema. "Yule namba saba ni baba yangu mzazi. Anaitwa Kajiru. Hakupigwa risasi, alikufa kwa homa, na lile bonde ni la jiwe la ndiva. Nilimweka pale mimi. Nakuomba unirudishie."

Niliona macho ya Hezroni yakilowa, nikadhani tumefaulu. Alizunguka meza, akamshika mzee mikono yote miwili.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi," alisema, "kwamba wewe ni mtoto wa shujaa?"

Baba mkubwa akarudia. Akaeleza homa, kitanda, hata dawa waliyomnywesha. Mimi nikaeleza. Kila tulichosema kilipokelewa kwa kichwa kilichoinama, kama maneno ya mtu mnyenyekevu asiyetaka makuu. Hezroni alisema wazee wetu waliteswa sana hata wakajifunza kuficha ushujaa wao. Alisema taarifa imekwisha fika juu, vitabu vya shule vinaandaliwa, na kwamba yeye mwenyewe, hata angetaka, hana mkono wa kuirudisha. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, na nadhani hapo alikuwa ameelewa. Tulitoka na hati yenye mhuri inayomtaja ndugu Melkizedeki kuwa mtoto wa shujaa, aliyemhifadhi baba yake pale kwa mikono yake mwenyewe. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

Hati ile ilisomwa mkutanoni kijijini Jumamosi. Jumapili mchungaji Asheri alimwita ofisini baada ya ibada. Sasa lilikuwa limesemwa kwa kinywa chake mwenyewe na kupigwa mhuri kwamba alimfukua baba yake na kumweka kwenye chungu. Mchungaji alilia, naambiwa. Akamtenga, kwa sababu waumini wote walikuwa wamesikia, naye hakuweza tena kujitia hamnazo. Kengele akapewa Yudith, mke wa mzee wa kanisa, ambaye hupiga ikiwa amekumbuka.

Landrova ilikuja Jumanne. Baba mkubwa alikuwa ameomba amfunge namba saba yeye mwenyewe, wakamruhusu. Alimzungushia shuka yake ya kitandani, akamlaza ndani ya sanduku la mbao, na akamuuliza dereva atakapofika huko mlima utakuwa upande gani. Dereva hakujua. Akasema itakuwa ndani ya jengo, mzee, hakuna madirisha.

Nilisimama pale uzioni. Nilikuwa mwalimu, mtu wa kusoma na kuandika, mwenye sauti ya kutuliza watoto themanini. Nilishika waya wa uzio, basi. Gari lilipopinda kwenye kona, Baba mkubwa alikaa chini mahali palepale, juu ya changarawe, miguu ameinyoosha mbele, kama alivyokaa Same mwaka ule. Safari hii alikuwa peke yake, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Hakuacha kazi ya kuongoza wageni. Ila pale kwenye nafasi tupu, palipobaki rangi nyekundu ya namba, aliacha kufuata karatasi. Niliyasikia mwenyewe nilipowapeleka watoto wangu mwaka uliofuata. Rahabu, aliyekuwa sasa darasa la saba, aliuliza tena swali lilelile, na safari hii mratibu hakuwapo.

"Hapa alikuwepo Kajiru, baba yangu," Baba mkubwa alisema. "Alikuwa mjenzi wa ndiva. Alikufa kwa homa. Aliogopa kuelekezwa ukutani." Aliwasubiri waandike, akawatajia jina herufi kwa herufi. Sijapata kumwona amenyooka mgongo kama siku ile.

Wiki mbili baadaye lilikuja jaribio la somo la Siasa kwa shule zote za tarafa, na majibu yake ndani ya bahasha. Swali la tisa liliuliza shujaa namba saba wa Irindi aliitwa nani na aliuawa na nani. Jibu lilikuwa: jina halijulikani, aliuawa na askari wa Kijerumani. Wanafunzi ishirini na wawili waliandika hivyo, kama kilivyosema kitabu. Rahabu peke yake aliandika Kajiru, na kwamba hakuuawa.

Karatasi zilipaswa kurudi Same kukaguliwa. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na mtoto mwenye akili ambaye alama moja ingemkosesha nafasi ya sekondari, na ajira yangu, na mwandiko wake mzuri ulioandika jina la babu yangu bila kosa lolote. Ningejaribu kumpa alama, wangeifuta wakaguzi na kuniandikia barua. Nisingempa, hakuna ambaye angejua. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Kisha nikaweka kosa. Nikalichora kubwa, kwa haraka, likapita juu ya jina.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimkuta Baba mkubwa kwenye ndiva, anaziba tundu kwa udongo na majani ya mgomba kabla ya zamu ya kesho. Nilimwamkia. Aliitikia, akanawa mikono, akauliza kama watoto wamekwisha fanya mtihani wao, maana Rahabu alimwambia huenda likawemo swali la pale kwetu.

"Wamefanya, Baba."

"Wameandika aliyekuwa pale?"

"Wameandika."

"Na jina?"

"Na jina, Baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akitazama maji. Alisema basi, kama liko kwenye daftari za watoto, hata mzee akiwa huko kwenye jengo lisilo na madirisha, si neno. Kisha akaniomba nimpe lile fungu la majani, nami nikaweka mkoba chini, karatasi za Siasa zikiwa ndani, nikampa.